Dereva na Fundi Waulizwe Kabla Lori Halijanunuliwa

Ndugu wanachama,

Nataka kutoa maoni yangu juu ya lori la gengi, maana dereva mwenzetu amekatwa mshahara kwa kosa lisilo lake.

Tajiri mmoja, ambaye simtaji jina, alinunua lori la kubebea vyuma vya reli. Alilipenda kwa kuwa linakwenda mbio na halinywi dizeli nyingi. Dereva hakuulizwa, wala fundi. Basi, chuma kimoja cha meta 12, cha kilo 40 kwa kila meta, ni kilo 480. Pakia 20 uone: ni karibu tani 10. Katika kupanda kutoka Mai Mahiu lori lilisimama, na lilipotaka kuondoka tena klachi ikaungua. Dereva akaambiwa, "Umeharibu, utalipa."

Ubaya ulikuwa katika difu. Difu ya 4 maana yake shafti huzunguka mara 4 ndipo gurudumu lizunguke mara 1. Ukitia difu ya 6, mbio za gari hupungua kwa theluthi moja, lakini nguvu ya gurudumu huongezeka kwa nusu. Na giaboksi ikiwa na gia ya kwanza ya 10, injini huzunguka mara 60 kwa gurudumu mara 1. Lori la namna hiyo huondoka mlimani polepole bila kuunguza klachi. Wakati wa kuteremka, gia nzito huifanya injini ilizuie gari, breki zisipate moto zikakataa. Hapo ni maisha ya dereva na gengi nzima.

Ni kweli lori hilo si la mbio, na katika njia tambarare litakula dizeli zaidi. Lakini sisi hatushindani mbio, twabeba vyuma.

Ekseli nazo zitazamwe. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yaruhusu tani 8 kwa ekseli ya mbele, na tani 18 kwa ekseli mbili za nyuma zenye tairi 8. Jumla 26, pamoja na uzito wa lori lenyewe. Ekseli moja ya nyuma yenye tairi 4 ni tani 10 tu. Watu wa reli tunalijua jambo hili. Zile Garratt za daraja la 59, zilizoletwa 1955 na 1956, zilikuwa na tani 252, lakini uzito ule uligawanywa juu ya ekseli 14, na njia ikauchukua.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaruhusu mtu kukatwa mshahara kwa mali aliyoiharibu kwa makusudi. Je, kupewa gari lisilofaa ni makusudi ya dereva?

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo naomba chama chetu kidai mambo mawili: dereva na fundi waulizwe kabla lori halijanunuliwa, na mwenzetu arudishiwe pesa zake.

Ni mimi,
Mfanya kazi wa njia ya reli