Urani ya Namtumbo: Vipimo vya maji visomwe hadharani

Mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani wilayani Namtumbo, mkoani Ruvuma. Kutoka huku Makere hadi Namtumbo ni safari ndefu, na huenda msomaji akaona jambo hilo halimhusu. Sisi twaona linamhusu. Mama wa Makere, ambaye vijito vyake huteremkia Malagarasi, na mama wa Namtumbo, ambaye maji ya kwao huelekea bonde la Rufiji, wote huitegemea serikali moja iwaambie kama maji wanayoyateka ni salama.

Sheria zipo. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania imepewa na sheria ya mwaka 2003 jukumu la kudhibiti mionzi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo yataka athari za mradi zitathminiwe kabla ya kazi kuanza. Kilichobaki ni utekelezaji.

Urani iliyoyeyuka majini haionekani kwa macho, nayo hudhuru figo taratibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 30 katika lita moja ya maji ya kunywa. Tena, mabaki ya mgodi hubaki na sehemu kubwa ya mionzi, na rediamu iliyomo huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Mwekezaji ataondoka, mabaki watarithi wajukuu.

Kwa hiyo twasema: kila kisima na kila mto wa jirani upimwe kabla mgodi haujaanza kazi kamili. Urani imo ardhini kwa maumbile yake. Pasipo kipimo cha awali, hakuna atakayejua kesho kama iliyozidi majini imetoka mgodini. Pili, wataalamu wa serikali wapime wenyewe, kwani muuzaji hawezi kuwa shahidi wa mizani yake. Tatu, majibu yabandikwe katika ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, na yasomwe katika mkutano. Nne, fedha za kusafisha eneo ziwekwe akiba mapema.

Hatupingi maendeleo. Lakini maji ni amana, na mwenye mali ana haki ya kuonyeshwa hesabu. Anayemlaza mwanawe baada ya kumnywesha maji hayo asiambiwe tu kwamba mambo ni shwari, aonyeshwe kipimo.