Daraja Huanza Kuanguka Mezani

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa za gazeti letu nijibu neno lililosemwa katika mkutano wetu uliopita. Waliohudhuria watakumbuka kwamba tulipokuwa tukizungumza habari za barabara, mwanachama mmoja, mtu mwenye cheo na mvi, ambaye namheshimu, alisimama akasema kwamba madereva wa siku hizi ni waoga. Kwamba wakifika darajani husimamisha motokaa, hushuka, hutazama maji, hutikisa kichwa, kisha huja ofisini kulalamika. Na kwamba lau wangelijua kazi yao wangelivuka wakanyamaza. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, na usiku ule sikupata usingizi kwa sababu ya kicheko changu.

Nasema wazi kwamba neno lile si kweli, tena lina hatari. Hofu ya dereva ni taarifa. Ni taarifa ya kwanza ambayo serikali huipata juu ya daraja bovu, na huipata bure, bila posho ya safari wala mshahara wa mkaguzi. Wanaoipuuza aghalabu ni sisi watu wa kalamu, ambao miguu yetu haijapata kulowa katika mto ule. Wazee walisema, kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Hapana budi kwanza tutenganishe hofu mbili. Iko hofu ya macho. Huko Marekani, katika jimbo la Maryland, liko daraja juu ya ghuba ya Chesapeake lililofunguliwa mwaka 1952. Urefu wake ni kama kilometa saba, na kimo chake ni kikubwa hata merikebu za shehena hupita chini yake. Wako madereva ambao wakifika hapo mikono huwatetemeka, wakalipa fedha kwa watu ambao kazi yao ni kuwavusha. Na katika daraja la Mackinac, jimbo la Michigan, lililofunguliwa mwaka 1957, watumishi wa daraja lenyewe humshikia usukani mtu aliyeingiwa na hofu wakampeleka ng'ambo. Madaraja hayo husimama imara, na mwenye hofu huijua hofu yake. Hata hivyo wenye daraja hawakumcheka, bali walimpa msaidizi. Ikiwa hofu ya macho tu yapewa heshima namna hiyo, je, hofu ya pili?

Hofu ya pili ni ya mikono na masikio. Dereva apitaye daraja moja mara tatu kwa juma hulijua kama mtu ajuavyo mlango wa nyumba yake. Jana mbao zililia kwa sauti moja, leo ubao wa tatu umelia kwa sauti nyingine. Jana gurudumu lilipanda darajani bila kishindo, leo pana kidato baina ya barabara na daraja, maana udongo umeshuka. Maji ya mafuriko hayaangushi daraja kwa kulisukuma tu. Huchimba chini ya nguzo, huondoa mchanga na kokoto kidogo kidogo, hata nguzo ikawa imesimama juu ya utupu, na huku juu njia imenyooka kama kawaida. Bwana Mkubwa aliyesinzia katika kiti cha nyuma hataona kitu. Aliyeshika usukani huona, na akiogopa, ameogopa kwa sababu.

Wengi wetu twalijua daraja la zamani la Wami, katika barabara ya kutoka Chalinze kwenda Segera. Lilijengwa mwaka 1959, jembamba, la njia moja, na barabara ililishukia kwa mteremko mkali. Dereva wa lori lenye shehena alishuka huku breki zimepata moto, naye hana hakika kama mwenziwe wa ng'ambo amekwisha kuingia darajani. Ajali zilitokea pale mara kwa mara, na jina la Wami likawa jina la kutajwa kwa sauti ya chini. Je, madereva wale walikuwa waoga? Kama walikuwa waoga, mbona serikali ilijenga daraja jipya kando ya lile, lenye urefu wa zaidi ya mita 500, likaanza kupitisha motokaa mwaka 2022? Fedha zile za umma hazikutolewa kwa ajili ya kuwabembeleza waoga. Hofu yao ilikuwa kweli tangu mwanzo. Ilichelewa kusomwa tu.

Najua mwenzetu atajibu kwamba ajali nyingi husababishwa na uzembe wa dereva. Sitaki kumficha ukweli, maana mimi si wakili wa madereva. Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu karibu na Mwingi, nchini Kenya, dereva wa basi lililochukua wanakwaya waliokuwa wakienda harusini aliingia darajani hali mto umekwisha kupanda juu ya daraja. Watu walikuwa wamesimama kando wakitazama. Maji yalilipindua basi, na roho zaidi ya 30 zikapotea. Dereva yule alikosa. Lakini tazameni vema kosa lake lilikuwa nini. Hakukosa kwa kuogopa, alikosa kwa kutoogopa. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ndiye dereva aliyesifiwa katika mkutano wetu, yule avukaye akanyamaza.

Tena yako maswali ya pili ambayo neno uzembe huyafunika. Daraja la chini kiasi kwamba mvua kubwa hulifanya kuwa sehemu ya mto humlazimisha kila dereva kuwa hakimu wa maji. Humtaka apime kimo kwa jicho, na nguvu ya mkondo kwa kukisia, huku saa inakwenda na watu wanangoja. Siku moja atapima vibaya. Nani alimpa hukumu hiyo? Nani aliyejua kwamba maji hupita juu, akaacha njia wazi?

Hapo ndipo nifikapo mezani, Bwana Mhariri, na mtu asiseme kwamba mambo haya ni ya nchi maskini tu. Katika mji wa Pittsburgh, huko Marekani, palikuwa na daraja juu ya bonde la Fern Hollow. Alfajiri ya tarehe 28 Januari 2022 lilianguka, pamoja na basi na motokaa kadha zilizokuwa juu yake. Kwa rehema ya Mungu hakufa mtu, ila wapo walioumia. Siku ile ile Rais wa nchi alikuwa njiani kuja mjini humo kuhutubia habari za barabara na madaraja. Wachunguzi wa serikali walipomaliza kazi yao mwaka 2024 walieleza jambo ambalo lapasa kila karani alisome mara mbili. Mifereji ya kutolea maji juu ya daraja ilikuwa imeziba kwa uchafu; maji yakatuama juu ya miguu ya chuma; kutu ikaila. Wala haikuwa siri. Tangu mwaka 2011 daraja lile lilikuwa limeandikwa kuwa katika hali mbaya. Wakaguzi walikwenda, wakatazama, wakashauri mifereji izibuliwe na chuma kitengenezwe. Wakarudi wakashauri tena yale yale. Mwaka 2018 mpita njia alitoa picha ya chuma kilicholiwa na kutu hata kikakatika. Ripoti zilipokewa, na kazi haikufanywa.

Hapana aliyekosa elimu pale. Hata fedha haikuwa sababu ya kwanza, maana kuzibua mfereji hutaka jembe, ufagio na siku moja ya kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na usipozibua mfereji utajenga daraja zima. Vivyo hivyo katika mji wa Genova, Italia, daraja lililoanguka tarehe 14 Agosti 2018 likaua watu 43 lilikuwa limeonywa juu yake na mhandisi aliyelibuni, Riccardo Morandi, ambaye mwaka 1979 aliandika kwamba hewa ya bahari na moshi wa viwanda vinalila. Mwenyewe alisema, na bado miaka 39 ikapita.

Sasa niseme la kwangu, ambalo ndilo lililoninyima usingizi. Nilipokuwa karani kijana katika ofisi moja ya bara, ambayo sitaitaja, alikuja dereva wa lori, mtu mzima, kofia mkononi. Alisimama mbele ya meza yangu akasema, "Mwanangu, niandikie." Akanieleza habari za daraja la magogo lililokuwa katika njia ya mnadani. Gogo la upande wa kushoto limeteleza, na lori likipita lainama kama linataka kulala. Nikamwandikia. Kisha nikaipokea barua ile niliyoiandika kwa mkono wangu, nikaigonga muhuri, nikaitia namba, nikaipeleka ndani. Ilirudi jioni ina neno moja la wino mwekundu: Hifadhi. Nikaihifadhi. Tena niliihifadhi vizuri, maana nilikuwa nikisifiwa kwa usafi wa mafaili yangu.

Masika yakaja. Lori likapinduka mtoni, si la yule mzee bali la mwingine, na utingo wake, kijana ambaye ndevu zilikuwa hazijaota, akafa maji. Ikatakiwa taarifa. Niliambiwa nipige mashine maneno haya: sababu ya ajali, uzembe wa dereva. Nikapiga. Barua ya mzee ilikuwa kabatini, hatua mbili nyuma ya kiti changu, nami sikuinuka. Baada ya siku chache yule mzee alikuja akasimama pale pale. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Mwanangu, ile barua ilifika?" Nikamjibu, "Ilifika, mzee." Akavaa kofia yake akatoka.

Naandika haya nisidhaniwe kwamba nawarushia wenzangu mawe kutoka mahali pa usalama. Mkono ulioandika "Hifadhi" ulikuwa wa mkubwa wangu, lakini mkono uliofunga kabati ulikuwa wangu.

Huenda mtu akauliza, basi tufanye nini, tufunge kila daraja linalotia hofu? Namjibu kwamba ikihitajika, ndiyo. Katika nchi ya Uganda liko daraja la Karuma, juu ya mto Nile, lililojengwa mwaka 1963, nalo ndilo njia kubwa ya kwenda kaskazini. Wahandisi walipoona ubovu wake mwaka 2024, kwanza walikataza magari mazito, kisha katika mwezi wa Septemba wakalifunga kabisa ili litengenezwe. Njia za kuzunguka zilikuwa ndefu, na safari zikawa ghali. Lakini baada ya miezi michache motokaa zilipita tena. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na serikali ichelewayo kufunga njia kwa kuogopa manung'uniko itakuja kuifunga kwa matanga.

Kwa hiyo natoa shauri, na naomba liwekwe mbele ya mkutano ujao lipigiwe kura. Kwanza, tuombe kila ofisi yenye kusimamia barabara iwe na daftari la madereva, na dereva asiyejua kuandika aandikiwe na karani, apewe namba ya habari yake kama apewavyo mtu risiti ya fedha. Pili, neno "Hifadhi" lisiandikwe juu ya habari ya daraja lo lote mpaka mtu amekwenda kulitazama kwa macho yake, akatia tarehe ya kwenda kwake na jina lake. Tatu, kila daraja ambalo maji hupita juu yake liwe na nguzo yenye alama za kimo cha maji, na pawe na mtu mwenye amri ya kufunga njia, ili dereva asiachiwe hukumu peke yake. Nne, maneno "uzembe wa dereva" yasipigwe mashine katika taarifa yo yote ya ajali ya darajani kabla ya faili ya daraja lenyewe kufunguliwa na kusomwa. Na ikiwa ndani yake mna barua ya kuonya, barua hiyo ifungwe pamoja na taarifa, iende mpaka juu.

Shauri hili la nne ndilo litakalochukiwa, nami najua sababu. Litatufanya tuinuke vitini, tutembee hatua mbili mpaka kabatini.

Na kwa ndugu yetu mwenye mvi nina neno la mwisho, nalisema kwa adabu. Siku ya mkutano ujao namwomba tuondoke mapema, tupande lori badala ya motokaa ya ofisi, tukae mbele pamoja na dereva. Tukifika katika daraja lile tuliloambiwa habari zake, dereva asimamishe, nasi tushuke, tutembee juu yake kwa miguu mpaka katikati, tutazame maji na magogo. Tukifika mkutanoni na aliseme tena lile neno la waoga, nami nitamsikiliza.

Wasalaam,

Ni mimi,
Karani Mwenzenu