Gazeti likikukimbia: miwani au kisu?

Wiki hii swali limetoka kwa fundi cherehani wa Maganzo, miaka 47. Anasema uzi na tundu la sindano havikutani tena mpaka amwite mtoto, na wateja wameanza kunong'ona kwamba mishono yake inapinda. Mbali anaona vizuri tu. Kasikia kuna operesheni ukifanyiwa, miwani basi tena. Je, auze ng'ombe akafanyiwe?

Fundi wangu, tulia, ng'ombe abaki zizini kwanza.

Hujarogwa. Ndani ya jicho kuna lenzi laini, hujivimbisha ukitazama karibu na kujinyoosha ukitazama mbali. Miaka inavyokwenda lenzi hiyo inakakamaa, na ukifika 40 na kitu unaanza kulisukuma gazeti mbali mpaka mkono unaisha. Wala huko peke yako. Utafiti wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa 2006, ulikuta watu kama 6 katika kila 10 wa miaka 40 na kuendelea wana tatizo hilohilo.

Operesheni zipo, sikufichi. Ipo ya leza: jicho moja linawekwa lione mbali, la pili lione karibu, ubongo ujichagulie. Wapo wanaozoea, na wapo wanaoshindwa kukadiria umbali wa ngazi au wa baiskeli inayokuja.

Ipo ya kutoa lenzi yako na kuweka ya bandia inayoona mbali na karibu. Inasaidia wengi, ila usiku taa za magari zinaweza kuonekana zimevaa duara za mwanga. Na lenzi yako ikishatoka, hairudi.

Ipo pia ya kupandikiza kijipande kidogo kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Kimoja kiliruhusiwa Marekani 2016, na mwaka 2018 kikaondolewa sokoni, maana konea za watu zilikuwa zinafanya ukungu. Na hao ndio wenye mashine zao!

Unaona basi? Hakuna hata moja kati ya hizo inayorudisha ulaini wa ujana. Unapata hapa, unatoa pale. Kwa jicho zima linaloona mbali vizuri, mimi sioni haraka ya kisu ikatoka wapi.

Sasa sikia habari ya miwani hii ya kusomea tunayoidharau. Kule Bangladesh walichukua mafundi na watu wa kazi za mikono, wengine wakapewa miwani, wengine wakasubiri. Matokeo yalitoka 2024: baada ya miezi 8, waliopewa walikuwa na kipato kikubwa kuliko wenzao kwa kama theluthi moja. Fundi, hiyo si urembo, hiyo ni ada ya shule.

Jambo moja tu linabadilisha hesabu: mtoto wa jicho. Huyo hana miwani wala dawa ya matone, ni operesheni. Lakini muulize daktari mapema: "Lenzi mtakayoniwekea ni ya mbali au ya karibu?" Mara nyingi huwekwa ya mbali, kwa hiyo utamtambua mtu barabarani, lakini kusoma utahitaji miwani bado. Asiyeambiwa hilo hurudi nyumbani akilia kwamba operesheni imeharibika, kumbe imefanikiwa.

Na kabla hujachagua miwani kwenye meza ya sokoni kwa kujaribu jaribu, kapimwe macho hospitali. Presha ya macho hula kimya kimya, haiumi, na miwani haiigusi. Sisi wa Kolandoto tuna hospitali ya AIC mlangoni, wakiona jambo kubwa zaidi watakuandikia Bugando, Mwanza.

Haya fundi, kapime, vaa, ushone. Wakikuita babu, waambie walete vitambaa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.