SHERIA ILIYOMEZA MASHAMBA

Mpora ardhi haji na bunduki tu; huja na sheria pia. Itazameni California. Mwaka 1848 Marekani, baada ya kuishinda Mexico vitani, iliahidi kwa mkataba kwamba mali za wakazi wa huko wasemao Kihispania zitaheshimiwa. Mwaka 1851 ikawaambia: thibitisheni mbele ya tume kwamba mashamba ni yenu! Asiyepeleka madai kwa miaka 2, ardhi yake ikawa ya serikali. Kesi zilichukua wastani wa miaka 17. Wengi walishinda, lakini mashamba yalikwisha kuliwa na mawakili, wakopeshaji na walowezi waliojipenyeza. Je, aliyeshinda kortini akarudi hana shamba, ameshinda nini? Ahadi ya mwenye nguvu bila umoja wetu ni maneno matupu.