Waombe, Lakini Waanze na Korosho

TAARIFA YA KATIBU KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI



Wiki hii kundi limejaa mjadala kuhusu vijana wetu wanaotaka kuomba nafasi za mafunzo kwa watetezi wa soko huria. Wapo wanaowaita wasaliti, na wapo wanaowaona kama wameshapanda ndege. Msimamo wa ofisi ya tawi ni huu: waombe. Ila wasiende na maneno ya kuazima.

Mafunzo haya si siri. Taasisi ya Friedrich Naumann ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1958, ina chuo cha uongozi mjini Gummersbach kinachopokea watu wa nchi nyingi. Atlas Network ya Marekani, iliyoasisiwa na Antony Fisher mwaka 1981, hufundisha watu wa taasisi za utafiti na utetezi wa sera. Ya kwanza hutegemea zaidi bajeti ya serikali ya Ujerumani. Ya pili, michango ya watu na taasisi binafsi. Mwombaji ajue hilo kabla ya kujaza fomu, maana anayelipa ana shabaha yake. Kujua si kukataa.

Fomu za namna hii huuliza mambo mawili: umefanya nini, na ukirudi utafanya nini? Tumesoma rasimu tatu zilizoletwa ofisini kuombewa barua. Zote zinasema soko huria huleta maendeleo. Hakuna iliyotaja korosho, nasi tuko Mtwara!

Tukumbuke msimu wa 2018. Wanunuzi binafsi walitoa bei mnadani, wakulima wakazigomea. Mwezi Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kusomba mzigo. Bei ilipendeza, lakini wapo waliosubiri malipo kwa miezi.

Msimu ule unauliza maswali pande zote mbili. Anayetaka serikali inunue ajibu: bei ambayo haijalipwa inanunua nini dukani? Anayetetea soko huria naye ajibu: mnada wenye wanunuzi wachache una uhuru gani kwa mkulima? Kijana anayekwepa swali hili la pili hajawa tayari.

Jibu letu tunalo. Dawa ya wanunuzi wachache ni wanunuzi wengi zaidi: minada ya wazi, tozo zinazojulikana kabla ya msimu, na mkulima kupewa karatasi inayoonyesha uzito, bei na kila makato. Huko ndiko kutetea soko. Kumpigia debe tajiri mmoja ni kazi nyingine.

Kwa hiyo tunaelekeza yafuatayo:

1. Barua ya tawi atapewa yule ambaye kitabu cha mahudhurio kinamtambua, na ambaye rasimu yake ina hesabu za msimu mmoja wa mkulima au mfanyabiashara mdogo anayemfahamu, bila kumtaja jina.

2. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2019 yanamtaka anayekusudia kukipa chama mafunzo amtaarifu Msajili kwa maandishi siku 30 kabla. Anayeomba kwa jina la chama, au anayetaka kuleta mkufunzi tawini, apite ofisini kwanza. Anayeomba kwa jina lake asitumie nembo wala mhuri wetu.

3. Atakayechaguliwa, akirudi atatoa taarifa mbele ya mkutano wa tawi: amejifunza nini, nani amelipa, na nini hakukubaliana nacho.

Kwa wanaowaita wenzao wasaliti, tunasema basi. Kijana anayeweza kusimama mbele ya wageni akaeleza makato ya korosho kwa tarakimu ni hazina ya tawi hili.

Rasimu zilizoandikwa upya ziletwe ofisini kabla ya kikao kijacho cha kamati.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi
Kwa niaba ya Kamati ya Tawi