Mvaa Kifaa Naye Aelezwe

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamifu alinijia ofisini na fomu ya idhini ya kurasa nne. Utafiti wake unahusu ukanda unaovaliwa mkononi mithili ya saa, ambao huhesabu mapigo ya moyo wa mgonjwa wa shinikizo la damu akiwa nyumbani kwake, kisha hesabu hiyo ikatumwa kwa simu hadi kwenye kompyuta ya mtafiti. Fomu ilikuwa imepitishwa na kamati kwa Kiingereza. Alitaka nimsahihishie tafsiri, ilhali watafitiwa walikuwa wamekwisha kuitia sahihi.

Sentensi moja ilinishtua. Kwa Kiingereza, ukanda ungefuatilia mapigo ya moyo. Kwa Kiswahili chake, "ukanda huu utautunza moyo wako usiku na mchana." Kufuatilia ni kazi ya karani, kutunza ni kazi ya muuguzi. Mama mmoja aliielewa sentensi hiyo kama ilivyoandikwa, akavitia vidonge vyake vya presha mkebeni na kuufunika. Ya nini dawa, nao moyo umepata mtunzaji? Wiki tatu zilipita kabla ya bintiye kugundua. Muda wote huo ukanda ulihesabu na kutuma, wala haukuwa na njia ya kujua habari za mkebe.

Simlaumu kijana huyu peke yake. Wanafunzi wetu wa uhandisi na udaktari wamefunzwa kuvitilia shaka vifaa, na wana haki. Mnamo 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, ambacho hupitisha mwanga kwenye ngozi, huwakosea zaidi wagonjwa weusi. Pale kifaa kiliposoma asilimia 92 hadi 96, damu yenyewe ilikutwa chini ya asilimia 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya weusi, na 3.6 tu kwa weupe. Kwa hiyo mtahini akiuliza kifaa kilijaribiwa kwenye ngozi ya nani, hakuna atakayemwona mkorofi. Mbona haulizi maelezo yake yalijaribiwa kwa lugha ya nani?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini itolewe kwa hiari na kwa ufahamu, nazo habari za afya imeziweka katika kundi la data nyeti. Ufahamu huo hauwezi kutoka kwenye tafsiri iliyofanywa usiku mmoja na binamu, au na kompyuta, kwa sababu fedha zote zimeishia kwenye vifaa. Wako wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi. Mapigo, presha, ukanda, dawa: ni lipi kati ya haya lililokosekana? (Sisi wanaisimu nasi tusijitie usafi. Tunaweza kubishana mwaka mzima kama kitu fulani kiitwe kihisi au kitambuzi, na wauguzi wakaendelea na kazi bila sisi.)

Maoni yangu ni kwamba fomu ya Kiswahili, au ya Kikamba au Kijaluo pale inapohitajika, ifungwe ndani ya tasnifu na kutahiniwa kama sura nyingine yoyote. Tena kabla ya mtu kuvishwa chochote, aombwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe kifaa hicho kinafanya nini na hesabu zake zinakwenda kwa nani. Akikosea, aliyefeli ni mtafiti.

Tuliiandika upya sentensi ile: "Ukanda huu unahesabu mapigo ya moyo tu. Hautibu. Endelea kumeza dawa zako." Mwanafunzi akarudi kwa yule mama, akamsomea, akamwomba aeleze alivyoelewa. Alieleza barabara, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, moyo ukienda mbio saa nane za usiku, huko kwenye kompyuta kuna nani aliye macho?"

Fomu haikuwa na jibu, si kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza. Kijana alinipigia simu kuniuliza tuliandikeje. Nikamwambia hilo si suala la tafsiri. Alipeleke kwa msimamizi wake.