Sukari ya Maziwa ya Mama Isiyotoka kwa Mama



Watu wa Kanduyi, wakaao karibu na miwa ya Bungoma, waijua vyema sukari. Lakini maziwa ya mama yana sukari nyingine, za aina zaidi ya 100, ambazo tumbo la mtoto haliwezi kuzisaga. Basi ni za nini? Ni chakula cha bakteria wema wa utumbo wake. Wakishamiri, bakteria wa maradhi hukosa nafasi. Maziwa ya ng'ombe yana chache mno.

Siku hizi wataalamu hutia jeni mpya katika bakteria aitwaye E. koli, kisha humlisha laktosi, sukari ya maziwa ya kawaida, naye huigeuza kuwa mojawapo ya zile sukari za mama. Bakteria huchujwa, sukari husafishwa na kukaushwa, ikatiwa katika maziwa ya kopo. Hata maziwa lala ni kazi ya bakteria.

Familia ya Kiislamu itauliza: je, kopo hilo huleta undugu wa kunyonya? Undugu huo hufungamana na maziwa ya mwanamke, na sukari hii haikutoka kifuani mwa mwanamke yeyote. Haifanani na benki ya maziwa iliyofunguliwa Hospitali ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2019. Yale ni maziwa ya kina mama hasa, na swali la nani kamnyonyesha nani lina uzito wake. Ama uhalali, hutazamwa kopo zima, pamoja na mafuta yake. Tafuta alama ya halali. Ukiwa na shaka, muulize mwanachuoni.

Lakini sukari moja au chache si zote 100, wala kopo halina kinga ambayo mwili wa mama humtengenezea mwanawe. Sheria ya Kenya ya 2012 imekataza kuyatangaza maziwa ya kopo, na si bure. Unga wake huhitaji maji yaliyochemka na chombo safi. Mambo hayo yakikosekana, kuhara huingia, na sukari ya thamani haitamwokoa mtoto.

Aliyezuiwa na maradhi asilaumiwe. Kopo ni msaada wake. Mwenye uwezo akumbuke kwamba Surat al-Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili, nalo Shirika la Afya Duniani lahimiza miaka miwili au zaidi.

Wabillahi tawfiq.